Mzaha wa Chumba cha Mwangwi

Jua lilikuwa linazama nilipofika kazini na mtoto mgongoni. Kwa kawaida simbebi kwenda kazini. Lakini jirani anayenishikia mtoto alikuwa amepata homa, akanitumia salamu nisimpelekee mtoto asije akaambukizwa. Nilimshukuru moyoni. Wagonjwa wanaofikiria watoto wa wenzao si wengi.

Mtoto mwenyewe tunamwita Bibi, kwa sababu amerithi jina la mama mkwe wangu. Nikimkaripia, mume wangu huniuliza kwa nini namfokea mama yake.

Kazi yangu ni usafi. Nadeki jengo moja la zamani ambako bendi zilikuwa zikirekodi nyimbo zao. Siku hizi ghorofa za juu ni ofisi, na jioni zinakuwa tupu. Chini kumebaki chumba cha mitambo, na humo amebaki mzee mmoja tunayemwita Fundi Mkanda. Anahamisha nyimbo kutoka kwenye mikanda ya zamani na kuziingiza kwenye kompyuta kabla mikanda haijaoza.

Ni mtu mwema. Siku ya kwanza nilipokuja na mtoto alivua koti lake, akalikunja, akaliweka chini ili Bibi alalie. Jioni ile alipotuona alipunguza sauti ya mitambo kabla hata hajaitikia shikamoo yangu.

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na msimamizi?"

"Nimekuja naye, Mzee. Kasema kazi hairidhishi."

Alicheka, akanipa hedifoni. Kila nikipita huwa ana kitu cha kunisikilizisha. Si nyimbo zenyewe, ila vile vitu vilivyojificha ndani ya nyimbo. Kiti kinacholia. Mpiga gitaa anayemnong'oneza mwenzake kwamba amekosea. "Njoo umsikie huyu aliyepiga chafya," ananiambia. "Alipiga mara moja tu, sasa anapiga kila siku dunia nzima."

Jioni ile alinisikilizisha wimbo ambao nchi nzima inaujua. Ni ule wa mwanamume anayemwomba mpenzi wake asiondoke. Nimeusikia tangu tumboni mwa mama yangu. Baada ya ubeti wa pili gitaa linashuka, na hapo, kwa mbali, kunasikika mlango ukigongwa. Ko, ko, ko. Kisha sauti ya mwanamke: "Fungueni jamani, mchezo umetosha." Halafu wanaume wanacheka, na wimbo unaendelea.

Wimbo huo ukipigwa harusini, kila mtu hugonga meza mara tatu na kuitikia maneno hayo. Wengi wanakwenda harusini kwa ajili ya hapo tu.

"Unajua alikuwa wapi huyu mama?" Fundi aliniuliza.

"Nje ya mlango, nadhani."

"Ndani," alisema. "Ndani ya chumba cha mwangwi."

Chumba hicho nilikuwa nakijua kwa nje tu. Kiko mwisho wa ukumbi wa chini. Hakina dirisha, na kuta zake, dari na sakafu vyote ni vigae. Fundi alinieleza kwamba zamani sauti ya mwimbaji ilitolewa kwa spika humo ndani, ikagonga kuta, kisha maikrofoni ikaizoa ikiwa imenenepa na kuirudisha kwenye wimbo. Ndiyo maana waimbaji wa zamani wanasikika kama wanaimba kisimani.

"Nami nilidhani ni sauti zao," nilisema.

"Sauti gani? Wengine walikuwa wanakoroma, mwanangu. Aliyekuwa akiimba ni chumba."

Bendi ile, alisema, ilikuwa na mchezo wake. Kila wanaporekodi, mmoja wao alijificha ndani ya chumba cha mwangwi akafanya kituko. Akawika kama jogoo, akamtaja mkewe. Wasikilizaji walinunua sahani za santuri ili watafute kituko kiko wapi. Kwa wimbo huu walimfungia mwitikiaji wao, mama mmoja kijana. Hakuambiwa kwamba mlango hauna mkono wa kufungulia kwa ndani.

"Alikuwa ananyonyesha," Fundi alisema. "Mtoto wake alikuwa nje, ameachwa kwa mtu."

"Wakamfungulia?"

Fundi alipangusa kioo cha mtambo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Niliwauliza wote, mmoja mmoja, walipokuwa hai. Kila mmoja aliniambia aliyefungua ni mwenzake."

Kesho yake kijana mmoja mwimbaji alikuwa aje kuurudia wimbo ule kwa mwangwi wa chumba kilekile. Kwa hiyo Fundi alitaka kukijaribu jioni hiyo, na aliniomba nikifute vumbi kwanza. Alinionya kuhusu mlango, niutegee kitu kizito.

"Nikimaliza nitapitia mlango wa nyuma, Mzee, nisikukatize."

"Haya, mwanangu. Tuonane kesho. Na Bibi namsalimia, pamoja na wewe mkwe wake."

Niliutegea mlango ndoo yangu ya maji. Ilikuwa imejaa na nzito, nikajiona nina akili.

Chumba kilikuwa kidogo kama stoo. Kilikuwa na spika kubwa upande mmoja na maikrofoni kwenye mguu wa chuma upande wa pili. Balbu moja ilikuwa ikiunguruma darini. Kila nilichofanya kilirudi. Nilipokohoa, kuta zilikohoa. Nilipoburuta dekio, mtu mwingine akaburuta lake nyuma yangu. Bibi alipiga kelele ya furaha, akajibiwa, akacheka, akachekewa. Mwisho akachoka, akalala mgongoni mwangu ndani ya mbeleko.

Nilideki kuanzia ndani nikija mlangoni, kama inavyotakiwa. Sakafu ikawa inang'aa. Inateleza.

Nikasikia ndoo ikitembea.

Niligeuka. Mlango ulikuwa unakuja taratibu, ukiisukuma ndoo juu ya vigae nilivyovilowesha kwa mikono yangu. Niliruka. Nilishika hewa. Mlango ulijifunga bila kelele yoyote... kama mtu anayefumba mdomo.

Mahali pa mkono palikuwa na tundu lililozibwa kwa saruji.

Nilijiambia nitulie. Fundi yuko pale pale, hatua chache tu. Nikagonga kwa kiganja, nikaita. Sauti yangu ilizunguka chumbani, ikanirudia usoni. Nje haikutoka. Mlango ule ulikuwa mnene kama ukuta, umeshonewa ngozi kwa pembeni ili usipitishe sauti. Na mahali pasipopitisha sauti hapapitishi hewa pia.

Ndipo balbu ilipozimika.

Nilijua sababu, nayo haikunisaidia. Fundi aliniambia huizima kutoka mezani kwake anapotaka kurekodi, kwa kuwa maikrofoni husikia muungurumo wake. Maana yake alikuwa amekaa, amevaa hedifoni. Maana yake aliamini nimeshaondoka.

Giza la mle halikuwa kama la nyumbani, ambako jicho huzoea. Pale jicho halikuwa na cha kuzoea.

Spika ikaanza kuimba.

Ulikuwa ni wimbo ule. Kwenye chumba kile haukuingia masikioni, uliingia kwenye meno. Nilimzungusha mtoto kifuani, nikamziba masikio kwa viganja. Hakuamka. Nikafikiri haraka. Maikrofoni iko wazi. Fundi anasikia kila kitu kilichomo humu. Nikiita sasa hivi, atanisikia.

Ubeti wa pili ukaisha. Gitaa likashuka. Nikainua mkono nigonge.

Ko, ko, ko.

Si mimi. Mkono wangu ulikuwa bado hewani.

Nikafungua mdomo, na mtu akanitangulia.

"Fungueni jamani, mchezo umetosha."

Nami nikawa napiga kelele, "Fungua, Mzee, niko ndani, fungua", lakini wanaume wa kwenye wimbo walikuwa wanacheka, na chumba kikatuchanganya wote, yule na mimi na kicheko, kikatufanya kitu kimoja. Nikaelewa. Huko mezani Fundi alikuwa ametulia anatabasamu. Alikuwa anamsikia mwanamke anagonga na kuomba afunguliwe, na ndicho hasa alichotazamia kusikia. Nchi nzima imezoea kucheka hapo.

Wimbo ukaisha. Nikaita tena katika kimya kile mpaka koo likauma. Baadaye nilikuja kujua kwamba wimbo ukiisha yeye huvua hedifoni ili arudishe mkanda.

Ukaanza tena.

Niligonga mapema, kwenye ubeti wa kwanza. Kuta zilichukua kugonga kwangu na kukuchelewesha, zikakurudisha pale pale panapogongwa siku zote. Niliimba. Nililia. Nilipiga spika kwa ngumi. Kila nilichofanya kilikuwa kimo ndani ya wimbo ule, au kilifanana na kilichomo. Hewa ilikuwa imeanza kuwa nzito, yenye joto, kama ya ndani ya blanketi. Bibi alikuwa anapumua kwa kasi kifuani pangu, na jasho lake lilikuwa limelowesha gauni langu.

Au nilidhani ni jasho. Kulikuwa na harufu... ya maziwa. Maziwa ya mama yaliyokaukia kwenye nguo. Mimi nilikuwa nimenyonyesha kabla ya kutoka nyumbani, na nguo yangu haikuwa na tone la maziwa.

Wimbo ukaisha mara nyingine. Kikawa kimya. Na katika kimya kile nikasikia pumzi ya tatu.

"Usijichoshe," ilisema. Kwa kunong'ona, karibu na sikio langu. "Kuita kumo wimboni. Kugonga kumo. Nilishavijaribu vyote."

Sikupiga kelele. Watu wakisikiliza hadithi hii hushangaa hapo, lakini sauti yenyewe haikuwa ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyechoka, kama ya yule anayekusogelea kwenye foleni ya zahanati akuoneshe dirisha lipi linafunguliwa kwanza.

"Wewe ni nani, dada?" niliuliza.

"Wako ana miezi mingapi?"

"Anatambaa."

"Wangu alikuwa hajakaa." Tone la maji lilianguka mahali fulani. "Yuko nje. Nasikiliza. Siku zote nasikiliza. Mlango huu hauingizi kitu. Atakuwa analia, na mimi simsikii."

Nikahisi upepo kidogo usoni, kama mtu aliyempepea mtoto wangu kwa upindo wa nguo. Bibi alishusha pumzi vizuri. Namwambia kila mtu ukweli huu: yule alimpepea mwanangu. Nami nilimwambia ahsante.

"Huyo fundi anausikiliza sana wimbo," alisema. "Mpe kitu kisichomo."

"Kipi?"

"Mtoto. Humu hakuna kilio cha mtoto."

Alikuwa amesema kweli. Nilijaribu kuupitia wimbo wote kichwani, na hakukuwa na mtoto popote.

Spika ikawaka tena. Nilimtikisa Bibi. Alifumbua macho, niliyahisi kwa vidole, lakini hakulia. Alikuwa anatazama juu ya bega langu gizani, na mwili wake ukatikisika kwa kicheko, kama mtoto anayechezewa. Nikamfunua mguu. Ubeti wa kwanza ulipita. Mama anayejua uchungu wa mtoto atanielewa, vidole vyangu havikutaka. Ubeti wa pili ukawa unaisha.

"Mbinye," ilinong'ona. "Mlize kidogo. Nami nimsikie."

Nikambinya pajani. Nikambinya kwa nguvu, nikasokota.

Alilia. Mungu wangu, alilia kama sijapata kumsikia. Kilio kilipanda kwenye vigae, kikajigawa, kikajaa chumba kizima mpaka wimbo ukazama chini yake. Na mle ndani ya kilio mtu akavuta pumzi ndefu, ndefu sana, kama aliyekuwa na kiu ya miaka akapewa maji.

Mlango ukafunguka.

Fundi Mkanda alisimama pale na hedifoni zikining'inia shingoni, waya umeng'oka. Alituvuta wote wawili kwa mkono mmoja. Alikwenda kuleta maji, akamwaga nusu njiani, akarudi kuleta mengine.

"Nimesikia mtoto," alikuwa akisema. "Mwanangu, nisamehe. Nilikusikia nikadhani ni yule. Nilicheka. Lakini mtoto... wimbo huu naujua kama kiganja changu, hauna mtoto."

Alitusindikiza hadi mlangoni kwetu. Kutoka pale mpaka nyumbani Bibi alikuwa macho, ametulia, kichwa kimeegemea shingo yangu.

Hakulia usiku ule. Nilimpaka mafuta kwenye alama ya vidole vyangu, nikamwomba msamaha, akanitazama tu.

Hakulia kesho yake.

Mume wangu alifurahi. "Mama yangu amekua," alisema. "Watoto wa wenzetu wanapiga kelele, wetu ana heshima." Mimi pia nilitaka kufurahi. Alikuwa anakula. Alikuwa anacheka, na kicheko kina sauti. Aliita "mama" na "tata". Ila akianguka, mdomo ulifunguka, uso ukawa mwekundu, machozi yakatoka, na hakuna kilichosikika. Kama picha ya mtoto analia.

Nilimpeleka zahanati. Muuguzi alimwangalia koo kwa tochi, akasema ni zima. Akamdunga sindano yake ya chanjo. Mdomo ukafunguka... kimya. "Shujaa huyu," muuguzi alisema, akampa kizibo cha kuchezea. Alikuwa mwema. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Kisha ikaja harusi ya mdogo wa mume wangu. Ukumbi ulijaa. Fundi Mkanda naye alialikwa, alikuwa amekaa meza ya jirani na kanzu yake nyeupe. Tangu siku ile hatukuwa tumezungumza tena habari za chumba. Walipopiga wimbo ule niliinuka nitoke na mtoto, lakini wifi yangu alinishika mkono. "Unakwenda wapi, wifi, ndiyo utamu wenyewe unakuja." Akampakata Bibi ili nipumzike.

Gitaa likashuka. Watu wakainua mikono.

Ko, ko, ko, zikalia meza zote.

"Fungueni jamani, mchezo umetosha," waliitikia, wazee na watoto.

Nilisubiri kicheko cha wale wanaume. Badala yake ukumbi mzima ulikunja nyuso, ukafungua midomo, na kulia kama mtoto mchanga. Ng'aa, ng'aa, ng'aa. Bibi harusi alilia, bwana harusi alilia. Wakaangua kicheko.

"Nini hicho?" nilimuuliza wifi. "Tangu lini wanalia?"

"Tangu tumezaliwa, wifi. Si ndipo mtoto analia kwenye wimbo? Hujawahi kumsikia?"

Nilimtazama Fundi. Alikuwa anajifuta machozi ya kucheka. Nilimwendea, nikainama sikioni kwake, nikamwambia, "Mzee, uliniambia hauna mtoto."

Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu mwenye homa.

"Mwanangu, mtoto ndiye aliyeupa wimbo huu jina. Kila mtu anamjua."

Watu walipiga makofi, wakataka urudiwe. Safari hii nilikwenda kusimama mbele ya spika, peke yangu, sikio likigusa kitambaa chake. Ko, ko, ko. Fungueni jamani. Kisha kilio kikaja, chini ya kelele za ukumbi, chembamba, kina mwangwi wa vigae.

Mama haulizi kilio ni cha nani.

Kilikuwa kinapanda vilevile, kwa ule uchungu wa vidole vyangu. Niliweka viganja vyote viwili juu ya spika. "Nyamaza, mwanangu," nilisema. "Nyamaza, mama yupo." Nyuma yangu wifi alikuwa ananiita nije nimtazame Bibi, amejigonga kwenye kona ya meza, masikini, wala hajalia.

Sikuweza kugeuka. Nilikuwa nasikiliza kilio kikipungua ndani ya spika, kikawa cha kwikwi, kikakatika ghafla. Kama kinavyokatika mtoto anapopewa ziwa.